Swali la kwanza kuhusu chuchu: "Tangu lini?"

Tanzania ina Msasani mbili. Moja inajulikana na karibu kila msomaji wa gazeti: rasi ya Dar es Salaam yenye upepo wa bahari, maduka makubwa na hospitali, ikiwamo CCBRT ambako kwa miaka mingi madaktari wamekuwa wakirekebisha midomo ya sungura, makovu ya moto na viungo vilivyokakamaa. Nyingine ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, jirani na kata za Bulyaga, Makandana na, kana kwamba pwani yote ilipanda mlima, Bagamoyo. Huko ni kwenye migomba, chai na mvua isiyochoka. Kutoka Msasani moja kwenda nyingine ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, lakini simu ya mkononi imezifanya ziwe mlango kwa mlango. Tangazo la kliniki ya urembo linalomfikia binti wa rasini linamfikia vilevile binti wa Tukuyu: chuchu iliyozama hutolewa nje, chuchu ndefu hufupishwa, duara jeusi linaloizunguka hupunguzwa au hung'arishwa. Na si matangazo ya vichochoroni peke yake. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, kupitia tawi lake la Mloganzila, ilitangaza kuanza huduma ya upasuaji rekebishi, ukiwamo wa kupunguza na kuongeza matiti. Jambo lililokuwa la wasanii na matajiri waliosafiri kwenda India na Uturuki sasa linapatikana kwenye hospitali ya umma, na hiyo ni hatua njema. Kwa sababu hiyohiyo ni lazima tulizungumze wazi, bila kuona haya.

Hoja yangu ni hii. Kabla ya kuulizana kama chuchu inapendeza, tuulizane imekuwa hivyo tangu lini, kisha tuulizane kama mwenye nayo bado anatarajia kunyonyesha. Majibu ya maswali haya mawili ndiyo yanayopaswa kuamua mtu aende kwa mkunga, kwa daktari wa saratani, au kwa mpasuaji wa urembo. Matangazo huanza na swali la tatu, la muonekano, na mara nyingi huishia hapo. Kwa wanawake wengi wa Msasani ya Rungwe, msaada wanaouhitaji hautoki kwenye chumba cha upasuaji kabisa. Uko mikononi mwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, kama muuguzi huyo amefundishwa na amepewa muda wa kuutoa. Na kwa wachache wanaouhitaji upasuaji kweli, kosa letu ni kuwahesabu pamoja na watafuta urembo na kuwaambia wasubiri.

Tuanze na maumbile yenyewe, maana hofu nyingi huzaliwa na kutojua kwamba watu hatufanani. Chuchu huwa ndefu au fupi, nene au nyembamba, na za mtu mmoja zinaweza kutofautiana kushoto na kulia. Duara linaloizunguka huwa dogo kama sarafu kwa mmoja na pana kama kisahani kwa mwingine, na huwa jeusi zaidi wakati wa ujauzito. Vipele vidogo vilivyotapakaa juu yake ni tezi zinazotoa mafuta ya kuilainisha ngozi. Si ugonjwa, na havipaswi kuminywa. Nywele mbili tatu ukingoni mwake ni za kawaida. Wapo pia wanaozaliwa na chuchu ya ziada, mara nyingi ndogo kiasi cha kudhaniwa ni baka la ngozi, kwenye mstari unaoshuka kutoka kwapani hadi kinenani. Hiyo haina madhara, na anayetaka iondolewe huondolewa kwa upasuaji mdogo sana. Kisha kuna chuchu bapa na chuchu iliyozama, ambazo ndizo zinazowasumbua wengi. Tafiti za nchi mbalimbali zinakadiria kwamba wanawake kati ya 2 na 10 katika kila 100 wana chuchu iliyozama, aghalabu pande zote mbili, na wamezaliwa nayo. Utafiti mmoja wa Korea Kusini uliopima wanawake vijana 1,625 uliwapata takriban 3 katika kila 100.

Madaktari wanaigawa hali hii katika madaraja matatu, na mgawanyo huo una faida hata kwa asiye daktari. Katika daraja la kwanza chuchu hutoka kirahisi ukiibonyeza ukingoni, na hubaki nje kwa muda. Katika la pili hutoka kwa kuvutwa, ila ukiiachia inarudi ndani. Katika la tatu haitoki hata ikivutwa, kwa sababu mirija ya maziwa iliyo nyuma yake ni mifupi na imefungamana na nyuzi ngumu zinazoishikilia kama kamba za hema. Daraja linaonyesha ukubwa wa kazi. Linaonyesha pia gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Chuchu ya daraja la kwanza na baadhi za la pili zinaweza kutolewa nje kwa mshono na kamba za kushikilia, mirija ikiachwa salama. Ya daraja la tatu mara nyingi haiwezi kukaa nje mpaka nyuzi zikatwe, na nyuzi zikikatwa, mirija hukatwa pamoja nazo. Mpasuaji hujaza nafasi iliyobaki chini ya chuchu kwa vipande vya nyama ya jirani ili isizame tena. Umbo linapatikana. Njia ya maziwa ndiyo imefungwa, na titi hilo huenda lisinyonyeshe tena.

Hapa kuna ushahidi ambao ningetamani kila anayefikiria upasuaji huu ausikie. Kwa zaidi ya karne moja na nusu vitabu vya tiba viliandika kwamba titi lina mirija mikuu kati ya 15 na 20 inayofungukia kwenye chuchu, kwa kutegemea michoro ya karne ya 19. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Australia waliyatazama matiti ya wanawake wanaonyonyesha kwa kipimo cha mawimbi ya sauti na kukuta wastani wa mirija 9 tu, na kwa baadhi yao 4. Maana yake ni kwamba akiba ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Anayekata mitatu kati ya ishirini ameacha mingi; anayekata mitatu kati ya minne ameacha mmoja. Mishipa ya fahamu nayo haina mbadala. Mshipa mkuu unaoipa chuchu hisia huingia kutoka upande wa nje wa titi, na hisia hiyo ndiyo inayoujulisha ubongo kwamba mtoto ananyonya, ili homoni za kutengeneza na kuachia maziwa zimwagike. Mkato ukiudhuru, maziwa yanaweza kuwapo na yasishuke. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2017 kuhusu upasuaji wa kupunguza matiti yalionyesha tofauti hiyo bila utata: pale ambapo nguzo ya nyama iliyo nyuma ya chuchu haikuachwa, waliofaulu kunyonyesha walikuwa karibu 4 katika kila 100, ilipoachwa kwa sehemu, karibu 75, ilipoachwa yote, karibu wote. Upasuaji unaitwa kwa jina moja, lakini alichobaki nacho mwanamke baada yake kinategemea mahali kisu kilipopita. Ndiyo maana swali la "utapita wapi?" lina uzito kuliko picha za kabla na baada.

Kwa Rungwe, kunyonyesha si suala la mapenzi ya mtu binafsi peke yake. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba watoto 64 katika kila 100 walio chini ya miezi 6 hulishwa maziwa ya mama pekee; ni ongezeko, na limegharimu jasho la wahudumu wengi. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2016 ulikadiria kwamba kama karibu watoto wote duniani wangenyonyeshwa inavyoshauriwa, vifo zaidi ya 800,000 vya watoto vingeepukwa kila mwaka. Mkoa wa Mbeya una sababu ya ziada. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa zaidi ya watu wazima 9 katika kila 100 mkoani humo, mojawapo ya viwango vya juu nchini. Mama mwenye virusi anayetumia dawa zake vizuri hunyonyesha, na hatari kwa mtoto huwa ndogo sana. Lakini chuchu iliyopasuka na titi lililovimba kwa usaha huiongeza hatari hiyo, na vyote viwili huja mtoto anapokamata titi vibaya. Chuchu bapa isiyopata msaada siku ya kwanza inaweza kuwa chuchu yenye vidonda siku ya tano. Yaani jambo linaloitwa la urembo mjini ni jambo la kinga huku milimani.

Msaada huo ni upi? Lazima niseme ukweli kuhusu tiba za zamani, kwa sababu zimedumu midomoni mwa watu kuliko ushahidi wake. Mwaka 1953 daktari J. B. Hoffman alipendekeza mazoezi ya kuivuta ngozi pembeni ya chuchu kwa vidole gumba wakati wa ujauzito, na pamoja nayo vikatumika vifuniko vya plastiki vya kuvaa ndani ya sidiria. Wakunga wa nchi nyingi waliyafundisha kwa miongo minne. Kisha yakapimwa. Jaribio lililohusisha wajawazito 463 nchini Uingereza na Kanada, matokeo yake yakatolewa mwaka 1994, halikuona kwamba mazoezi hayo au vifuniko hivyo viliwasaidia wanawake kunyonyesha zaidi ya wale ambao hawakuvitumia. Kwa hiyo mjamzito wa Msasani anayeambiwa akeshe akijivuta chuchu anapewa maumivu na wasiwasi, hapewi tiba. Jambo la kutia moyo ni kwamba ujauzito wenyewe huilainisha ngozi, na chuchu nyingi zilizozama miezi ya mwanzo huwa zinavutika wakati wa kujifungua.

Linalosaidia linakuja baada ya kujifungua, na halina makuu. Mtoto hanyonyi chuchu; ananyonya titi. Akifungua mdomo wazi kabisa na kulikamata titi pamoja na sehemu kubwa ya duara jeusi, chuchu iliyozama huvutwa na yeye mwenyewe, siku baada ya siku, kwa nguvu ambayo hakuna chombo kinachoifikia. Mama anahitaji mtu wa kumkalisha vizuri, kumsogeza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi saa ya kwanza, kumfundisha kulibana titi kwa kiganja liwe kama mkate unaotaka kuumwa, na kumhakikishia kwamba hana kasoro. Inaposhindikana, kuna mbinu iliyoelezwa na madaktari wa India mwaka 1993 na kuingizwa katika mafunzo ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka huohuo. Bomba jipya la sindano la mililita 10 au 20 hukatwa upande unaofungiwa sindano. Kisukumio hutolewa na kuingizwa kupitia upande huo uliokatwa. Upande laini ambao haukukatwa ndio unaowekwa kwenye titi, chuchu ikiwa katikati. Mama mwenyewe ndiye anayevuta, taratibu, sekunde 30 hadi dakika moja, na analegeza mara anaposikia maumivu. Hufanya hivyo mara kadhaa kwa siku, na muda mfupi kabla ya kumnyonyesha. Mwaka 1994 daktari Douglas McGeorge wa Uingereza, ambaye mwenyewe ni mpasuaji, alibuni chombo kinachofanya kazi kwa kanuni hiyohiyo ya kufyonza, ili kuwaepusha wanawake na kisu alichokuwa akikitumia kila siku. Sioni ushahidi ulio wazi zaidi ya huo kwamba hata mabingwa wa fani hii wanajua mahali inapopaswa kusubiri.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Mwanamke wa miaka 25 anayejibu kwamba chuchu zake zimekuwa hivyo tangu avunje ungo anazungumzia maumbile. Mwanamke wa miaka 48 anayejibu kwamba ya kushoto imeanza kuingia ndani tangu mavuno ya mwaka jana anazungumzia jambo jingine kabisa, hata kama kwa macho chuchu hizo zinafanana. Chuchu iliyokuwa nje ikazama, hasa ya upande mmoja, ni dalili ya saratani ya matiti mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vivyo hivyo ukurutu wa upande mmoja unaoanzia kwenye chuchu yenyewe, unaowasha, kuchubuka na kutoa maji, na usiopona kwa dawa za kupaka. Mwaka 1874 daktari James Paget wa London aliandika kuhusu wanawake wapatao 15 aliowaona na kidonda cha namna hiyo. Wote walipata saratani ya titi lilelile ndani ya miaka isiyozidi miwili. Leo tunajua kwamba saratani huwa tayari imo ndani kidonda kinapoonekana. Damu au majimaji yanayotoka yenyewe kwenye chuchu moja, ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa, uvimbe usiouma: yote haya hayana nafasi kwenye meza ya urembo. Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wagonjwa walio wengi hufika hospitali ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Sababu ni nyingi, ila mojawapo ni kwamba dalili za mwanzo zinafanana na mambo ambayo watu wameyazoea kuyapaka dawa, kuyafunika au kuyaonea aibu. Mtaalamu yeyote atakayeirekebisha chuchu iliyozama mwaka huu bila kuuliza tangu lini, na bila kipimo, anaweza kuwa ameifunika dalili iliyokuwa ikimwokoa mtu. Wanaume nao wamo. Saratani ya matiti huwapata, ingawa ni takriban mgonjwa mmoja katika kila 100, na kwa kuwa titi la mwanaume ni dogo, chuchu ndiyo huonyesha mapema.

Kwa wanaume kuna pia matiti yanayovimba bila saratani. Kwa wavulana wanaobalehe hilo ni la kawaida na mara nyingi huisha lenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa watu wazima linaweza kutokana na pombe iliyoharibu ini, na pia na baadhi ya dawa, mojawapo efavirenzi, iliyotumiwa sana na wagonjwa wa Ukimwi kabla ya kubadilishwa. Anayeanza na kisu kabla ya kuitafuta sababu ameanzia mwisho.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu la heshima linasema hivi: mwili ni wa mwanamke mwenyewe, kama chuchu zake zinamnyima raha mbele ya mumewe au akiwa peke yake, nani amempa mwandishi wa gazeti mamlaka ya kumpangia foleni? Ninalikubali pingamizi hilo kwa sehemu kubwa. Mateso ya moyoni ni mateso. Mwanamke aliyemaliza kuzaa, anayejua chuchu zake zimekuwa hivyo tangu zamani, aliyeelezwa kuhusu mirija, hisia na kovu, na bado anataka, afanyiwe na mpasuaji aliyesomea, bila kuhukumiwa. Chuchu ndefu inayosuguana na nguo mpaka ikatoka vidonda ina sababu ya kufupishwa, na kazi hiyo mara nyingi huweza kuiacha mirija ya katikati. Lakini haki ya kuchagua haikamiliki pale ambapo muuzaji anajua jambo asilolijua mnunuzi. Duara jeusi hupunguzwa kwa kukata ngozi yenye umbo la pete na kushona kama mfuko unaofungwa kwa kamba. Kovu hubaki pande zote, na ngozi inaweza kutanuka tena ikarudi upana wa zamani. Watu wenye asili ya Afrika hupata zaidi keloidi, yaani kovu linaloota na kutambaa nje ya jeraha, kuliko watu weupe, na kifua ni mojawapo ya sehemu zinazoota zaidi. Ukingo wa duara wenyewe kwa kawaida hupona vizuri, lakini aliyeota kovu alipotoboa masikio ana habari ya kumwambia daktari kabla hajalala kitandani. Msichana ambaye kifua chake bado kinakua hana haja ya kukimbilia uamuzi ambao ujauzito wa kwanza unaweza kuufuta. Mwaka 2024 jijini Nairobi mwanamke alifariki dunia baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo kwenye kliniki binafsi, na baraza linalosimamia madaktari likaifunga. Ulikuwa upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini, mkubwa kuliko wa chuchu, ila kanuni haibadiliki: kuuliza nani anakata, amesajiliwa wapi, na mgonjwa akizidiwa atapelekwa hospitali gani, ni sehemu ya hiyo haki.

Kuhusu rangi sina maneno laini. Mkorogo unaouzwa ili kuifanya chuchu iwe ya waridi ni hatari popote unapopakwa, na hapo unapakwa mahali mdomo wa mtoto utakapotua. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya mikorogo hupenya ngozi, hudhuru figo, na kwa mtoto hudhuru ubongo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki iliyozidi sehemu moja katika milioni kuanzia 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuviondoa vyote. Nchini mwetu usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Weusi wa duara hauna ugonjwa wa kutibiwa. Wengine wanasema kwamba humsaidia mtoto mchanga, ambaye macho yake bado hayaoni vizuri, kulitambua titi. Hata kama hilo lisingekuwepo, bado hakuna cha kuondoa.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili wa meza. Wilaya yenye uhitaji wa vitanda, damu na magari ya wagonjwa, linasema, haina haki ya kuzungumzia upasuaji wa chuchu. Hiyo ni anasa. Hapa ndipo nisipokubali. Wapo wanawake ambao chuchu kwao ni sehemu ya kupona. Aliyeondolewa titi kwa saratani amebaki na kovu lililonyooka mahali palipokuwa na titi. Mpasuaji anaweza kulijenga upya, kisha kuinua kipande kidogo cha ngozi na kukikunja kiwe chuchu, ambayo hunywea kiasi kadiri miezi inavyopita, na duara likachorwa kwa wino. Marekani kuna mchora chale, Vinnie Myers wa Maryland, aliyejulikana kwa kuchora chuchu zinazoonekana zimesimama ingawa ngozi ni tambarare. Kazi hiyo haihitaji chumba cha upasuaji, inahitaji usafi, jicho la msanii na wino wa rangi za kahawia zinazofanana na ngozi zetu. Kuna na watoto. Tukuyu ni baridi, moto huwaka jikoni karibu siku nzima, na mtoto anayejimwagia maji ya moto huungua kifua kwanza. Kwa msichana mdogo, chipukizi la titi liko chini ya chuchu na mara nyingi hunusurika hata chuchu ikiungua. Miaka kumi baadaye, anapobalehe, kovu gumu hulikandamiza titi lisiote. Kulifungua kovu hilo kwa wakati huliachia titi likue. Huo ndio upasuaji ambao CCBRT na hospitali kubwa zimekuwa zikiufanya kwa makovu ya moto ya kila aina, na kuuita anasa ni kumwadhibu mtoto mara mbili. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Watakaoandika kitita cha huduma wana nafasi ya kuitenganisha kwa maneno bayana chuchu ya aliyepona saratani na ya aliyeungua moto na ile ya mwenye kutaka kupendeza, ili neno "urembo" lisitumike kuwafungia mlango wote watatu.

Pingamizi la mwisho halisemwi kwa sauti, nalo ni la kuona haya. Kuna watu watakaoona gazeti la wikiendi halikupaswa kuandika neno hili mara nyingi hivi. Lakini haya hiyo ndiyo inayomfanya binti ajifunze kuhusu mwili wake kwenye tangazo, na ndiyo inayomfanya bibi wa miaka 60 afiche chuchu iliyozama ghafla mpaka wajukuu wanuse harufu ya kidonda. Hudhurio la kliniki ya wajawazito lina mizani, kipimo cha presha, kipimo cha damu na kadi. Kuongeza kutazama matiti na kuuliza maswali mawili hakuhitaji mashine wala bajeti mpya. Jibu likiwa "nimezaliwa nazo", muuguzi huandika kwenye kadi kwamba mama huyu asiondoke wodini kabla mtoto hajakamata titi vizuri, na huweka bomba jipya la sindano karibu na kitanda chake. Jibu likiwa "tangu mwezi wa pili, na ni hii moja tu", karatasi ya rufaa inaandikwa hapohapo: hospitali ya wilaya Makandana siku hiyohiyo, kisha Mbeya, kilomita kama 70 tu kutoka Tukuyu, kwa kipimo cha kunyofoa kinyama, wakati uvimbe bado ni mdogo kiasi kwamba mwenyewe hajauona.